Honi ya Kisiwa cha Tatu

Kila siku boti yetu huwazungusha watalii visiwani, na kila tukikaribia kisiwa cha tatu, kazi yangu ni kupiga honi. Watalii hudhani ni salamu. Salamu gani! Ni amri. Ikilia, wenyeji hukimbia kuanua nguo, kufunika paneli za sola, kuzima redio na kuingiza ndani viti vya plastiki, ili wageni wakishuka waone "maisha ya asili" waliyoahidiwa kwenye tangazo. Wakikaidi, boti haitatia nanga kwao tena, na vikapu vyao vitakosa wanunuzi.

Mimi nimezaliwa hapo. Nguo zinazoanuliwa ni za ndugu zangu. Na tangu mama yangu akatwe mguu, naye amekuwa kitu cha kuficha, maana bosi alisema wazi kwamba kiti cha magurudumu kinaharibu picha. Honi ikilia, wifi yangu humsukuma hadi jikoni, akae na moshi mpaka tuondoke.

Jana mama aliniambia, "Mwanangu, ziwa hili nimeliogelea kabla bosi wako hajajua kuvaa suruali. Nimechoka kufichwa kama sufuria iliyotoboka."

Maneno yale yalinikaa rohoni.

Leo bosi mwenyewe alipanda botini, kofia kubwa, meno yote nje. Tulizunguka kisiwa cha kwanza, kisha cha pili, nikieleza hiki na kile kwenye kipaza sauti. Cha tatu kilipojitokeza, akanigusa bega.

"Piga honi."

"Sipigi."

"Unasemaje?"

"Umenisikia, bosi. Leo sipigi."

Akanyoosha mkono anipite. Nikasimama mbele ya kitufe, mgongo nimeukaza. Kunisukuma mbele ya wageni hakuthubutu.

"Ukishuka hapa, usirudi," alininong'oneza. "Kazi huna."

Niliogopa, nisiseme uongo. Mshahara ule ndio unaolisha nyumba nzima. Lakini hasira ilikuwa imeshauzidi woga. Nahodha, ambaye siku zote yumo hayumo, alitazama mbele tu na kuielekeza boti gatini.

Tukawakuta kama walivyo. Nguo zinapepea, wifi yangu anabishana na mtu kwenye simu. Na mbele kabisa, penye jua, mama kwenye kiti chake, redio pajani, anasuka kikapu.

"Yule bibi ni nani?" mtalii mmoja aliuliza.

Nikashika kipaza sauti. "Ni mama yangu. Anaishi hapa. Mkitaka kumpiga picha, muulizeni kwanza."

Wengine walishusha simu zao kwa aibu, wengine wakamwamkia. Bosi alikuwa amejibanza nyuma ya turubai la boti.

"Nani huyo anayejificha?" mama alipaza sauti. "Mwambieni atoke. Leo hapa hatumfichi mtu."

Boti iliondoka bila mimi.

"Sasa vikapu atanunua nani?" wifi aliniuliza.

"Tutavipeleka sokoni wenyewe, wifi. Mikono tunayo."

Boti ilipofika mbali kidogo, bosi akaibonyeza honi mwenyewe, kwa hasira, ndefu mpaka ndege wakaruka.

Hakuna aliyenyanyuka. Mama aliongeza sauti ya redio.