Nyongeza Moja kwa Tabibu

Siku sita za wiki Fundi alitengeneza meno ya bandia. Jumapili, ikifika saa nane mchana, alisukuma taya za plasta pembeni, akafuta unga mweupe mezani, akapanga viti vinne na kungoja wachezaji wake.

Mchezo wao haukuwa na ubao. Mmoja anasimulia, na huyo ni Fundi. Wengine kila mtu ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, anachokiweza na anachokiogopa. Msimulizi akisema mmefika kwenye mto uliofurika, nawe ukajibu kwamba unaogelea, unarusha dadu ya pande ishirini. Namba ikiwa kubwa unavuka, ikiwa ndogo unakunywa maji. Na mhusika akifanya jambo la kusifiwa, Fundi alikata kipande cha boksi la nta, akaandika kwa kalamu yake nyembamba: "Aliyevuka Mto: moja juu akiwa majini." Kuanzia hapo, kila akirusha dadu majini, anajiongezea moja. Moja kwenye ishirini si kitu, lakini watu wazima waliigombea kama pipi.

Aliyeigombea zaidi alikuwa mdogo wake Fundi, dereva wa gari la mikate, ambaye hata mama yake alishazoea kumwita Mikate. Mhusika wake alikuwa Shoka, jitu la vita. Wa pili alikuwa jirani, mwalimu wa hesabu aliyepachikwa jina la Profesa kwa sababu ya kubishia kanuni. Yeye alicheza Mnajimu, msoma nyota. Wa tatu alikuwa mke wa Mikate, wifi yake Fundi. Alishona sare za shule nyumbani, na katika mchezo alikuwa Tabibu.

Jumapili moja Shoka alivunja lango la ngome. Mikate alirusha kumi na tisa, akaruka mpaka kiti kikaanguka.

"Dada, kata boksi hilo! Usinicheleweshe!"

Fundi akakata. "Mvunja Malango: moja juu akivunja kitu." Ilikuwa kadi ya nne ya Mikate. Akailamba, akaibandika kwenye paji la uso, akacheza akiizunguka meza nzima. Profesa akacheka hadi akavua miwani.

Wifi naye alicheka. Kisha akatazama saa ya ukutani, akakunja karatasi yake mara mbili.

"Yule jirani yetu aliyebaki nyumbani na mama yenu mgonjwa ana safari zake," alisema. "Na Jumapili ijayo msiningoje. Sare zimenizidi."

"Na tukijeruhiwa?" Mikate akauliza, kadi bado usoni.

"Iacheni karatasi hapa. Tabibu anaponya tu, hata wewe unaweza."

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Mikate alicheza wahusika wawili. Kila Shoka alipochomwa mshale, alisema kwa sauti nyembamba, "Tabibu anaponya," akarusha dadu, mchezo ukaendelea. Ile Jumapili ya pili Profesa aliichukua karatasi ya Tabibu, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hebu, Fundi. Huyu mbona hana kadi?"

"Hana?"

"Hana hata moja. Miezi minane! Mimi ninazo tatu, na moja ulinipa kwa kupanda punda."

Fundi aliichukua karatasi mwenyewe. Ilikuwa safi, bila hata alama ya gundi. Roho ikamsuta. Usiku ule hakulala mapema, na kesho yake kazini alichanganya taya za wateja, mmoja nusura aondoke na meno ya mtu mwingine.

Jumatano alitoka kazini mapema. Mfukoni alikuwa na kadi aliyoikata kwa uangalifu kuliko zote, pembe zimelainishwa kwa kisu cha nta: "Mikono ya Huruma: moja juu kila anapouguza." Alikuta mlango wa kwa Mikate uko wazi. Sebuleni sketi za shule za bluu zilikuwa zimerundikwa hadi usawa wa dirisha, na nyuma ya rundo Wifi alikuwa anakanyaga cherehani. Mlango wa chumba cha mama uliachwa nusu wazi ili sauti ipite.

"Karibu, wifi. Sogeza hizo ukae. Angalia sindano."

Fundi hakukaa. Alitoa kadi, akaiweka juu ya cherehani. "Nimekukosea. Umetuuguza miezi minane, na sikukupa kitu. Nisamehe."

Wifi aliisoma. Aliisoma tena. Kisha akaisukuma polepole kwa kidole mpaka ukingoni.

"Ahsante, wifi. Ila hii siitaki."

"Nimeandika vibaya?"

"Umeandika vizuri sana." Akakata uzi kwa meno. "Mikono ya huruma. Ndivyo wanavyoniita mtaa mzima. Namgeuza mama yenu kila baada ya saa mbili, namlisha, nambadilisha, halafu naitwa mkwe wa mfano, mikono ya huruma. Simlalamikii mama, nampenda. Lakini unajua kwa nini nilikuwa nakuja kwako Jumapili? Nilitaka saa tatu tu niwe mtu mwingine. Nikafika, mkanipa karatasi ya Tabibu."

"Ndiyo iliyokuwa imebaki," Fundi akasema, na alipojisikia akisema hivyo, alitamani ayameze maneno.

"Najua. Mikate aliwahi kumchukua Shoka."

Wifi akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na kitu kama uchokozi machoni.

"Unakumbuka kwenye kivuko? Wale walinzi?"

Fundi alifikiri. Walinzi walikuwa wanamsaka Shoka. Tabibu alimlaza kwenye mkokoteni, akamfunika shuka, akawaambia walinzi kwamba ni maiti ya mtu wa ndui, na atakayetaka kuhakikisha afunue mwenyewe. Wifi alisema yale kwa uso mkavu kabisa, hadi akataja harufu. Walicheka wote, na Fundi akawapitisha.

"Nakumbuka. Sikukurushisha hata dadu."

"Hukunirushisha kwa sababu uliniamini!" Wifi akapiga meza ya cherehani. "Wewe mwenyewe, msimulizi, uliamini mle kuna maiti. Nilidanganya, wifi. Sijawahi kudanganya vile maishani. Niliporudi nyumbani nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Kile nilikifanya mimi. Kuuguza mliniachia."

Fundi alikuwa na kanuni yake kichwani: kadi hutolewa pale dadu inaporushwa. Hakuwahi kufikiri kwamba kanuni ile inaweza kumruka mtu kabisa. Kabla hajajibu, sauti ikatoka chumbani.

"Mwanangu!"

Fundi alikwenda haraka. Mama yake alimtazama, akatabasamu kwa adabu kama anavyomtabasamia mgeni. "Siyo wewe. Mwite mwenyewe. Mto wangu wa kichwa umeteleza."

"Nitauweka mimi, mama."

Aliuweka. Haukuwa sawa. Akauvuta, mama akaguna. Wifi alikuja mlangoni na futi ya kupimia shingoni, lakini hakuingia.

"Mkono mmoja chini ya bega," alisema. "Siyo kichwa. Bega. Haya, sasa mnyanyue mkihesabu pamoja, anapenda kuhesabu."

Wakahesabu, Fundi na mama yake, moja, mbili, tatu. Mto ukakaa. Jasho lilikuwa limemtoka Fundi kwa jambo la dakika moja.

Jioni ile alimsubiri mdogo wake nje hadi gari la mikate lilipoegeshwa.

"Jumapili hii Shoka amelala," alimwambia. "Ana homa. Wewe unabaki na mama."

"Mimi? Dada, tumebakiza mlango mmoja tu kufika kwa mfalme!"

"Jumapili ijayo nabaki mimi, hatuchezi. Inayofuata wewe tena. Mke wako anakuja kila tukicheza."

Mikate alifungua mdomo kubisha, akaona uso wa dada yake, akakubali.

Jumapili walikuwa watatu. Wifi alifika mapema, amevaa gauni ambalo si la kazini, akakuta mezani kipande cha boksi kimekatwa ovyo ovyo, upande mmoja umepinda, kwa sababu Fundi alikuwa amekikata mbele ya Profesa aliyekuwa akibishia kila neno. "Aliyewapitisha Walinzi: moja juu akidanganya." Wifi alikishika, akakibandika kwenye karatasi yake kwa gundi nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Mnafika kwa mfalme," Fundi akaanza. "Msimamizi wa jumba anasimama mlangoni. Anauliza mna shida gani."

"Mwambie," Wifi akasema, akikaa wima, "mimi ni shangazi yake mfalme. Yule aliyepotea baharini."

Profesa akakohoa. "Mfalme ana shangazi aliyepotea?"

"Sasa anaye."

Akarusha dadu. Ilibiringika, ikagonga taya ya plasta, ikasimama kwenye nne.

"Na moja, tano," Profesa akahesabu kwa huzuni ya kweli. "Ulihitaji kumi na nne."

Msimamizi hakuamini hata chembe. Walinzi walimkamata Tabibu, Mnajimu akakimbilia nyuma ya nguzo, askari wa gereza akamfungia Tabibu mlango wa chuma. Fundi alisimulia yote yale kwa wasiwasi, akimtazama wifi yake pembeni mwa jicho, akijilaumu kwamba angeweza kuomba kumi tu, au hata tano.

Lakini Wifi alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alipopata pumzi alivuta kiti chake karibu na meza na kuegemeza viwiko kwenye unga wa plasta.

"Huyo askari wa gereza," aliuliza, "ni mtu wa namna gani? Ameoa?"