Sabuni ya Goti la Kushoto

Suti ya mwanangu ilirudi kwangu Jumatatu, kama kila Jumatatu baada ya mbio, imekunjwa ndani ya begi lake na inanuka jasho na petroli. Nikaitandaza mezani nianze kazi.

Nina stashahada ya ushonaji na kazi za ngozi. Nashona viti vya magari, mabegi, na suti za waendesha pikipiki wa mbio za barabarani, zile ambazo mji hufungiwa barabara zake siku nzima ili watu wazima wakimbizane katikati ya kuta. Mwanangu alikuwa bingwa wa mbio hizo mara tatu. Wenzake walimwita Kozi, kwa jinsi alivyoshuka kwenye kona kama ndege aliyeona kifaranga. Siku ya kwanza alipoingia mashindanoni nilimwambia hiyo ni kazi ya kipumbavu. Akajibu, "Basi nishonee vizuri, Mama." Nikamshonea vizuri, miaka tisa.

Kwenye magoti ya suti hizi hubandikwa vipande vya plastiki ngumu. Mwendeshaji akilaza pikipiki kwenye kona, goti la upande ule husugua lami. Wao huviita sabuni, kwa sababu huisha kwa kusuguliwa. Kila baada ya mbio nabandua zote mbili naweka mpya, na kila mpya naiandika tarehe kwa kalamu ya wino.

Jumatatu ile sabuni ya kulia ilikuwa imelika hadi kwenye kitambaa. Ya kushoto haikuwa na hata mkwaruzo. Tarehe yangu ilisomeka kama nimeiandika asubuhi.

Nikashusha kopo la biskuti ninamotupia za zamani. Za mwanzo wa msimu zilikuwa zimelika zote mbili sawasawa. Kisha ikaja ile mbio ya mvua aliyoanguka akagonga kichwa, akasimama, akapunga mkono, watu wakamshangilia. Tangu hapo, mbio tatu, kulia imelika na kushoto nzima. Mwanangu alikuwa haegemei tena kushoto. Na bado alikuwa anashinda, kwa sababu kwenye kona za kulia na barabara iliyonyooka hakuna aliyemfikia.

Nikageuka kutazama msumari ulio nyuma yangu. Ilining'inia suti ya mwendeshaji waliyemwita Chuma. Alikuwa ameanguka wiki tatu nyuma, kwenye kona ya kushoto, bega kwa bega na mwanangu. Hospitalini waliikata kwa mkasi kutoka shingoni hadi kiunoni. Mkewe ndiye aliyeileta.

"Itashoneka?" aliniuliza.

"Suti itashoneka. Yeye je?"

"Miguu haina habari naye," alisema, akaondoka.

Kwenye mkono wa kulia wa suti ile palikuwa na mstari wa rangi ya kijani, mrefu kama kiganja. Pikipiki ya kijani kwenye mashindano yale ilikuwa moja tu, ya mwanangu. Nilikuwa nimeuona mstari ule tangu siku ya kwanza nikajiambia, mbio ni mbio. Sasa niliutazama tena.

Jumatano mwanangu alikuja kuchukua suti. Alipoingia aligonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, akaucheka mlango.

"Mama, hii karakana yako inazidi kubana. Au ni mimi ninayenenepa?"

"Karibu," nikasema. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake na donge la uzi mkononi. Tangu ana miaka mitano nilimrushia donge la uzi kila alipoingia, na hakuwahi kulikosa hata siku moja. "Shika!"

Likampiga kwenye shavu.

"Mama! Umechanganyikiwa?"

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Jicho."

Akakaa kwenye benchi. Akasema ilianza kama ukungu siku ile ya mvua, kisha kama mtu anafunga pazia taratibu, kisha basi.

"Na daktari wa mashindano alikupimaje?"

"Nilisoma zile herufi kwa jicho la kulia kwanza. Nikazikariri."

"Shule nzima hukukariri hata jedwali la saba."

"Ndio hivyo. Kila kitu na wakati wake."

"Nani mwingine anajua?"

Akatazama nje, alikoegesha gari mdogo wangu, ambaye ndiye fundi wake wa pikipiki. Nikamwita. Mjomba mtu akaingia anafuta mikono kwa tambara, akaona sabuni zimepangwa mezani, akaelewa.

"Dada, nisikilize kwanza. Imebaki mbio moja. Hakuna aliyewahi kuchukua ubingwa mara nne, hakuna! Akimaliza wa tano tu, ni wake. Tumepiga hesabu, kona za kushoto ni sita, za kulia kumi na moja. Zile sita anapita kama bibi anayevuka barabara. Nani atajua?"

"Na Chuma mlimpigia hesabu?"

Mdogo wangu akakunja tambara lake mara mbili.

"Mbio ni mbio," akasema baadaye. "Watu huanguka."

"Sikumwona, Mama," mwanangu akasema. Alisema chinichini, macho yote mawili yananitazama, na ukiyatazama usingejua lipi zima na lipi bovu. "Nilidhani upande ule ni mweupe. Nilisikia tu kishindo."

Nilikaa. Sikulia, sina tabia hiyo wakati wa kazi. Nikamwambia, "Nenda mwenyewe kwa mkaguzi wa mashindano. Ukienda kwa miguu yako unastaafu bingwa mara tatu, na wanakupigia makofi. Nikienda mimi, utatoka hapo mwongo."

"Jumatatu. Nikimaliza mbio Jumapili, Jumatatu asubuhi naenda. Naapa."

"Jumamosi, saa sita mchana."

"Dada, mtoto wako huyu!" mdogo wangu akasema. "Uchungu wa mwana si unaujua wewe?"

"Naujua. Na mama yake Chuma anaujua."

Suti nilimpa. Ningemnyima angeazima ya mtu isiyomkaa, na hilo ni baya zaidi. Niliweka sabuni mpya pande zote mbili, nikaandika tarehe.

Jumamosi vifaa hukaguliwa katika jengo lililo karibu na mstari wa kuanzia. Waendeshaji hupanga foleni wamebeba helmeti na suti zao, mkaguzi anavuta mishono, anagonga, anabandika karatasi ya kupita. Mkaguzi mwenyewe aliwahi kushindana, akabaki na mguu mmoja mfupi. Nilikaa kwenye benchi la ukutani, kopo la biskuti mapajani. Mwanangu alikuwa wa nane kwenye foleni. Aliniona. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro kumi.

Alifika mezani. Suti ikavutwa mishono yake, na mishono yangu haifumuki. Ikapita. Fomu ikasukumwa mbele yake, ile ya kusema mimi ni mzima wa afya, akachukua kalamu. Mjomba wake alimshika bega. Saa ikagonga sita, mwanangu akatia sahihi.

Nikasimama. Nikapanga sabuni sita juu ya ile fomu, tatu za kulia, tatu za kushoto, tarehe juu. Nikarudi nyuma hatua moja.

Mkaguzi alizitazama kwa muda. Hakuna haja ya kumweleza mtu aliyewahi kushindana.

"Mama Kozi," akasema. "Unajua unachofanya?"

"Najua. Fanya kazi yako."

Daktari akaitwa. Akamfunika mwanangu jicho la kulia kwa kipande cha boksi, akamuuliza, vidole vingapi?

"Viwili," mwanangu akasema, kwa sauti thabiti kabisa.

Daktari hakuwa ameinua mkono.

Mwanangu alilitoa lile boksi usoni mwenyewe, akaliweka mezani kwa upole, akanigeukia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na nguo nimeshonewa na mama yangu."

Mdogo wangu alinifuata hadi nje. "Umemuua, dada."

"Mpeleke nyumbani, mpe chakula, halafu umwambie amekufa."

Ubingwa ule ulichukuliwa na mtu ambaye sasa hakuna anayemkumbuka. Mwanangu alifutiwa pointi za mbio tatu, na yale mataji yake ya awali watu wakaanza kuyatia maneno. Daktari wa macho alisema utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka. Angekuja wiki ile ya mvua, wangeubandika. Nilikwenda kwa mke wa Chuma nikamwambia ukweli wote, mlangoni, kwa sababu hakunikaribisha ndani. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sasa hiyo itamsimamisha?" akauliza.

"Hapana."

Akafunga mlango. Alikuwa na haki.

Miezi kumi na moja mwanangu hakukanyaga kwangu. Nilisikia habari zake kwa mjomba wake: anauza vipuri, hasemi sana, anamwaga chai. Kisha Jumanne moja akaingia na mfuko wa mkewe uliokatika zipu. Hakusalimia. Nilikuwa nimemwekea benchi pale alipokaa siku zote, mkono wangu wa kushoto, ambapo angeniona vizuri kwa jicho lake la kulia. Akaliangalia. Akalivuta, akalizungusha hadi upande wa pili wa cherehani, akakaa akielekea mlangoni. Nikawa kushoto kwake.

Nikafumua zipu.

"Hii imeisha meno," nikasema.

"Weka nyingine."

Nikaweka nyingine. Nilipomaliza nikamwekea mfuko mapajani, akasimama, akatoka, na bega lake la kushoto likagonga mwimo palepale linapogonga siku zote. Nilikuwa nimeupigilia ngozi na sponji tangu mwezi wa pili wa kutokuja kwake.