Kisanduku Alichokifunga Shemeji

Tangu boti ya kaka yake ipotee, Waya alikuwa anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai na kwenda kazini kama kawaida. Ukimwuliza anahisi nini, angekwambia hahisi kitu. Wala si kwamba alikuwa anajikaza, maana mtu anayejikaza unamjua kwa taya. Huyu alikuwa kafa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na alichokiogopa ni ule wakati mguu unapoanza kuchomachoma.

Jina la Waya alipewa kwa mambo mawili. Kwanza ni mwembamba, nguo zinamning'inia. Pili ni kazi yake, ya kufunga vifaa vya kuongozea boti. Watu wakisikia hivyo hudhani anakaza skrubu siku nzima. Hata! Kukaza skrubu ndiko kupumzika kwenyewe. Kazi hasa ni kuvifanya vifaa vielewane. GPS imetoka kiwanda hiki, kioo cha ramani kimetoka kiwanda kile, kipima kina kimetoka wanakokujua wao, na kila kimoja kina kiburi chake. Kinachovipatanisha ni kanuni moja ambayo watengenezaji wote wameikubali. Vifaa huongea kwa sentensi fupi za herufi na tarakimu, zinazopita kwenye waya bila kuchoka. Sentensi huanza kwa kutaja anayeongea ni nani, na mwishoni huweka namba ya kuhakiki, ili msikilizaji ajue kama kuna neno limeharibika njiani. Na katikati ya sentensi ya mahali ilipo boti kuna herufi moja. Ikiwa A, maana yake niamini, hapa ndipo nilipo. Ikiwa V, usiniamini, haya niliyokupa ni ya zamani.

Hiyo V Waya aliiheshimu kuliko watu wengi anaowajua. Wateja wake wote walishamsikia akiihubiri. "Kifaa cha baharini kinaruhusiwa kutojua," alikuwa anawaambia, na bisibisi yake inawanyooshea kidole. "Kisichoruhusiwa ni kujifanya kinajua."

Ndiyo maana lile la nyumbani kwa kaka yake linashangaza.

Kaka alikuwa nahodha wa boti ndogo ya kupeleka vipuri kwenye meli zilizotia nanga nje ya bandari. Mara nyingi alitoka peke yake. Mkewe, ambaye Waya alimwita shemeji na yeye akamwita Waya shemeji vilevile, alikuwa mtu wa wasiwasi. Basi Waya akapanda juu ya paa, akafunga antena, akashusha waya hadi sebuleni na kuweka kisanduku chini ya televisheni. Boti ilikuwa inatangaza mahali ilipo kwa redio, kisanduku kinanasa tangazo, kinalifanya sentensi, na kioo kidogo kinaonyesha nukta ya kijani. Shemeji akawa anapika na jicho moja liko kwenye kioo.

Shida ilikuwa kilima. Boti ikipita nyuma ya kilima mawimbi ya redio yanakatika, kisanduku kinatuma V kama kilivyofunzwa, nukta inageuka kijivu, kisha inatoweka. Na ikitoweka, simu ya Waya inalia. "Shemeji! Kazama!" Hajazama, shemeji, yuko nyuma ya kilima. Kesho tena. Keshokutwa tena.

"Nifanyie mpango, bwana," kaka akamwambia Jumapili moja, amemshikia ngazi. "Mke wangu atakonda abaki kama wewe."

Wakacheka. Waya akafungua kompyuta yake na kukiandikia kisanduku amri mpya: tangazo likikatika, rudia mahali pa mwisho ulipopajua, na herufi iwe A. Daima A. Alijua kwamba angemkuta fundi mwingine kafanya hivyo kwenye boti, angemvua nguo mbele ya watu. Lakini hapa ni sebuleni, chini ya televisheni, kwa ajili ya mtu mmoja asisumbuke. Nani angeumia?

Na sasa boti imezama. Kikosi cha uokoaji kilikwenda mahali pa mwisho iliposikika, kikakuta mafuta yanaelea, jaketi la kuokolea ambalo halijavaliwa, na kipande cha mlango wa chumba cha usukani chenye rangi ambayo Waya mwenyewe alisaidia kupaka. Wakatafuta mpaka bahari ikachafuka, wakarudi. Mkubwa wao akasema kwa upole kwamba familia ijiandae.

Lakini sebuleni, nukta ilikuwa kijani.

Waya aliiona mara ya kwanza alipokwenda kumpa shemeji pole. Akaitazama, akaelewa papo hapo inachofanya na kwa amri ya nani. Mdomo ukafunguka, halafu ukajifunga wenyewe. Alikaa, akapewa maji, akayanywa, akaondoka. Alikwenda tena siku iliyofuata, na iliyofuata, akakaa kwenye kochi lilelile. Alitaka kusema, ila kila akilitafuta neno ndani yake halikuwepo, wala huzuni haikuwepo, wala hofu. Kulikuwa na baridi tu, kama ya chumba kisichokaliwa na mtu.

Asubuhi hii alikuwa karakanani, analehemu waya wa kipima kina cha mteja, simu ikaita.

"Shemeji, njoo," ilisema sauti ya mke wa kaka yake. Ilikuwa na uchangamfu uliomtisha. "Spana anatoka sasa hivi. Njoo umwelekeze vizuri."

Spana alikuwa mdogo wake shemeji, makanika wa injini za boti, mtu wa maneno mengi na kucheka kwa sauti. Waya akakiweka chini chuma cha moto cha kulehemea. Bandarini walikuwa wamepandisha bendera ya kukataza boti ndogo kutoka, aliiona mwenyewe asubuhi akipita. Akatoka bila kufunga mlango.

Nje ya nyumba ya kaka alimkuta jirani, mama mtu mzima, amekaa barazani kwake karibu na viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

"Amenirudishia," jirani akasema kwa sauti ya chini. "Kasema kwake hakuna msiba, nisimtie nuksi. Mwanangu, zungumza naye."

Ndani, Spana alikuwa amevaa koti la mvua, dumu la dizeli miguuni, anaandika tarakimu za kioo kwenye kiganja chake. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake, amefunga kanga kiunoni kama mtu anayetaka kuhama nyumba.

"Waya, umefika!" Spana akasema. "Hebu niambie, hizi tarakimu za mwisho zina umuhimu au nisijisumbue?"

"Bahari imechafuka, Spana."

"Imechafuka, ndiyo. Na mimi nimechafuka tangu kuzaliwa, mama alilalamika sana." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Shemeji yangu yuko pale, Waya. Anaonekana. Nitaacha kwenda?"

"Wale wa kikosi wanasema kwao haonekani," akadakia shemeji. "Vifaa vyao vibovu! Vya zabuni vile. Hiki kakifunga shemeji yangu kwa mkono wake. Kama kingekuwa kinakosea, yeye si angesema?"

Waya akaitazama nukta. Haikuwa imesogea hata chembe. Katika bahari ile, ambayo ingeisukuma hata meli yenye nanga, nukta ilikuwa imetulia tuli, na hakuna aliyejiuliza. Akalitazama dumu. Akafikiria boti ya Spana, ile yenye kiraka ubavuni. Hapo akajua kwamba akikaa kwenye kochi na kunywa maji leo, watakuwa wawili.

"Ni ya zamani," akasema.

"Nini?"

"Hiyo nukta. Kisanduku hakisikii kitu, kimekuwa hakisikii tangu siku ile. Kinarudia mahali pa mwisho tu. Nilikiandikia hivyo mimi, ili usiwe unashtuka akipita nyuma ya kilima." Alikuwa anaongea kama anayesoma maelekezo ya dawa, na aliisikia sauti yake akaichukia. "Kaka hayupo pale, shemeji. Hakuna boti pale."

Spana akakitazama kiganja chake, akakisugua taratibu kwenye koti. Akaketi juu ya dumu la dizeli.

Waya alingoja kelele. Alingoja kofi, na moyoni alilitaka. Shemeji akavuta kiti, akakaa akikitazama kioo.

"Najua kinarudia," akasema.

Waya akainua macho kutoka kwenye kioo.

"Kaka yako mwenyewe aliniambia, kumficha mke hakumudu hata siku moja. Kuna jioni redio ya boti ilimfia njiani, naye alikuwa bafuni humu anaimba vibaya kama kawaida yake, na kioo kinaonyesha yuko baharini. Tulicheka mpaka nikakaa chini." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaondoka. "Akaniambia, mwache, amefanya kwa mapenzi, ukimwambia umejua ataona aibu, na zile sheria zake. Kwa hiyo nilijua."

"Sasa kwa nini..."

"Kwa sababu ulikuja hapa, shemeji. Ulikuja, ukakaa pale, ukaitazama ile nukta, hukusema kitu. Ukaja tena. Hukusema kitu. Nikajiambia, yeye ndiye fundi. Kingekuwa kinarudia, angeniambia. Angeniachaje? Nikasema basi safari hii ni kweli." Akageuka kumtazama. "Mimi sikuwa nakiamini kisanduku. Nilikuwa nakuamini wewe."

Nje jirani alikohoa.

"Kirekebishe," shemeji akasema.

Waya akaitoa kompyuta kwenye mkoba, akaunganisha waya chini ya televisheni, amepiga magoti. Ile amri ilikuwa fupi, akaikuta upesi, akaifuta. Kilichobaki ni kubonyeza ili kisanduku kirudi kwenye kanuni. Kidole kikakaa juu ya kitufe na kisishuke.

"Sogea," shemeji akasema, akapiga magoti kando yake na kubonyeza yeye.

Sentensi zikaanza kupita kwenye kioo cha kompyuta, zote zimebeba V. Nukta ikageuka kijivu. Wakaitazama wote watatu, na Spana akavua kofia. Baada ya muda ule uliowekwa na kanuni, ikatoweka, ikabaki bahari ya buluu isiyo na kitu.

Shemeji akainuka, akafungua kanga kiunoni na kujifunika kichwa. Akaenda mlangoni.

"Jirani," akaita. "Vile viti. Nileteeni."

Waya akatoka kwenda kusaidia, maana hakujua afanye nini kingine. Jirani akampa viwili, kimoja kila mkono. Havikuwa vizito. Alifika navyo katikati ya njia, na hapo ndipo vidole vilipoanza kuchomachoma.