Kengele Iliyochelewa

Kaka yangu ana kichwa kigumu, na mimi nina mdomo. Tunatengeneza mashine za kusukuma dripu. Yeye ameandika mfumo endeshi, ule unaoamua kazi ipi ipewe prosesa sasa na ipi isubiri; mimi kazi yangu ni kuuvunja. Jumatatu mashine ya kwanza ilikuwa iende wodini, kwenye mkono wa mama yetu.

Ijumaa niliukunja mpira wa dripu makusudi. Kengele ilitakiwa ilie papo hapo kwamba dripu imeziba. Ikanyamaza hadi jasho likanitoka, ndipo ikalia. Kaka akasema tuizime tuiwashe. Tukaiwasha, ikakaa sawa kweli. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akasema nina uchuro.

Nilipandwa na hasira. Nikakunja na kukunja tena mpaka ikachelewa, nikaigandisha palepale nichungulie ndani. Kengele ilikuwa na cheo kikubwa kuliko kazi zote. Lakini ili ilie, lazima isome kipimo cha dripu, na kipimo kilishikwa na kikazi cha kutunza kumbukumbu, cha cheo cha chini kabisa. Nacho hakikupata zamu ya kumaliza na kukiachia, maana kazi ya kuchora picha kwenye kioo cha mashine, ya cheo cha kati, ilikipita kila mara. Yaani bosi amesimama mlangoni, ufunguo anao mdogo, na mdogo anasukumwa nyuma ya foleni na wapaka rangi.

Kaka alitazama weee. Ile michoro ya kioo aliipenda kama mboni ya jicho.

"Ningemfunga mama hiki kitu," akasema.

"Ungemfunga." Sikumhurumia hata kidogo. Nilikuwa naogopa mno.

Tukabadilisha kanuni: yeyote aliyeshika kitu anachosubiri mkubwa, apewe cheo cha huyo mkubwa mpaka akiachie. Nikaukunja mpira hadi vidole vikafa ganzi. Kengele haikuchelewa tena.

Jumatatu mama alijigeuza kitandani, akaulalia mpira. Kengele ikalia hapo hapo, wodi nzima ikashtuka. Nilitaka kumkumbatia nesi.

Mama akafumbua macho, amenuna.

"Hebu lizimeni hilo likelele lenu, watu wamelala."

Kaka hakuwa amewahi kumkatalia mama kitu. Alikuwa ameinama, anaunyoosha mpira.

"Hapana, mama," akasema.