Kidole Juu ya Kidole

"Umekosa tena," Mzee Matia alikuwa ananipigia kelele, "na umelowesha kitanda yangu."

"Sijakosa, imepita kando kidogo tu."

"Kando ya mtu kuna mtu mwingine, wewe kijana."

Nikamwambia basi achukue chupa yake. Si bastola, ni ile chupa ya sabuni ya vioo, ukifinya inatema maji. Kwa haya mabweni ya kampuni huku Qusais, Uarabuni, ukishikwa hata na bastola ya plastiki ya watoto unaweza pandishwa ndege, so Mzee alitafuta njia yake ya kunifundisha kulenga. Anapaka tone la dawa ya meno kwa mlango wa kabati, mimi nasimama upande ule mwingine wa chumba, chupa iko kiunoni. Akipiga makofi, natoa, nafinya. Maji yangu yalikuwa yanaangukia chini, kushoto, kila siku pale pale.

Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya test. Kampuni ilikuwa inatafuta walinzi wa gari la pesa, na mimi nilikuwa nimefeli kule renji, uwanja wa shabaha, mara mbili. Ya tatu ukifeli, khalas, visa inakatwa, unarudi Kenya. Na mimi kule nilikaa tangu nimalize form four nikiangalia ng'ombe za watu zikipita. Sirudi.

Ndiyo maana nilikuwa nimewaka. Nikamwambia firimbi ya renji haingoji mtu, asiniletee mambo ya haraka haraka haina baraka. Halafu nikasema ile nilikuwa nimeficha.

"Kama uko mkali hivyo, mbona ulitolewa kwa gari la pesa ukapelekwa geti?"

Akapangusa maji kwa kitanda na kiganja. Huyu mtu alilinda Iraq miaka mingi, na kwa chumba hakuna mwenye amewahi kumuuliza hivyo. Geti ya godown alituambia aliiomba mwenyewe, eti mgongo umechoka na gari.

"Kuja hapa," akasema, sauti imeshuka.

Akasimama nyuma yangu. Akaniambia nishike chupa, nilenge tu, kufinya ni kazi yake. Akaweka kidole chake juu ya changu. Sasa mimi sikujua atafinya saa ngapi, so sikuwa na kitu ya kushtukia mapema. Maji yakaenda moja kwa moja kwa tone. Tukarudia, yakaenda hapo tena.

"Umeona? Mkono yako ni mzima. Ni kidole inaogopa mlio kabla bastola haijalia." Akasema kutoka kiunoni nikimbie vile nataka, hapo ndipo haraka inapatikana. Lakini nikifika kwa triga nitulie, nifinye kama simngojei mtu.

Halafu akataka tubadilishane, yeye ashike, mimi nifinye, nisikie vile inafaa kuwa. Nikaweka kidole changu juu ya chake.

Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Na si kidogo bana. Kama mtu ametolewa kwa friji, na AC yetu ilikuwa imekufa tangu Ijumaa. Nikafinya, maji yakaenda huko kwa pazia. Kila asubuhi nilikuwa namwona akishika kikombe na mikono miwili, nikidhani ni adabu ya kwao Uganda.

Sikutoa mkono. Nikaleta ule mwingine nikaufunika wake, nikaushikilia hivyo mpaka ukatulia.

"Tena, mzee," nikasema.

Tukafinya. Tone likachuruzika kwa kabati.

Akacheka kidogo. "Hiyo ni wewe umepiga. Mimi nimebebwa tu."

Huko chini Ashiraf, dereva, akaanza kupiga honi. Nikavaa buti. Mzee akanikaza mshipi, akauvuta mara mbili, akanipangusa bega na hakukuwa na vumbi.

"Mzee, ile maneno ya geti..."

"Wacha hiyo. Yalla, gari inakuacha."

Nikamuuliza kama leo atakuwa geti mpaka jioni. Akasema ndiyo.

"Basi nikitoka renji nitapitia kwako kwanza. Nikipita, nikifeli, utajua kabla ya nyumbani."

Akaniangalia kidogo. Akasema inshallah, akageukia kabati na kitambaa.

Nikatoka, nikafunga mlango.