Mzigo wa Jumatatu

Injinia Ovelar alipiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, nikajua kabla hajafungua kinywa kwamba ana habari mbaya. Mwenye habari njema huingia tu na kuniibia chipa, vile vimkate vyangu vya jibini, mezani.

"Don Arsenio, habari za asubuhi?"

"Kaa kwanza, Injinia. Ukisimama unanitia wasiwasi."

Akakaa. Akakohoa. Akaanza kunieleza kuhusu skrini kubwa watakayoifunga ukutani, yenye grafu za kijani na nyekundu, ili yeyote aliye zamu ajue hali ya seva kwa kutupa jicho tu. Alipofika kwenye "kutupa jicho" akakwama. Nikamwacha akwame. Tangu nipofuke nimejifunza kwamba mtu akijikwaa kwenye neno kama hilo, ukimwinua haraka unamnyima somo.

"Na mimi mnaniweka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye simu. Wanachama wanakupenda. Una sauti nzuri."

Sauti nzuri! Seva za ushirika huu wa afya nimezilea mimi, tangu zikiwa mashine mbili chini ya meza ya mhasibu, kabla mji huu wa Encarnación haujawa na jengo la kuziweka. Kisukari kiliponichukulia macho nilirudi kazini hata fimbo sijaizoea, kwa sababu kazi yangu haikuwahi kuwa ya kutazama picha. Ni kazi ya maneno. Unaiandikia mashine amri, nayo inakujibu kwa maandishi, mstari kwa mstari, na programu ya kusoma skrini inanisomea majibu sikioni kwa kasi ambayo wenzangu wakiisikia hudhani redio imeharibika. Nikitaka kujua seva imeelemewa kiasi gani, naandika uptime, nasikia mzigo wake wa sasa hivi na wa robo saa iliyopita. Nikitaka kujua inaumwa wapi, naandika vmstat, na tarakimu zinapita sikioni: kazi ngapi zinangojea kichakataji, ngapi zinangojea diski, kumbukumbu imebaki kiasi gani. Hiyo grafu itaniambia nini? Kwangu mimi ni ukuta uliopakwa rangi.

Hayo yote nilimwambia Injinia, tena bila kupunguza makali. Alisikiliza. Si mtu mbaya. Wanachama walikuwa wamemchachamalia baada ya mfumo kulala mara mbili mwezi uliopita. Zote mbili hazikuwa zamu zangu, lakini mwenye hasira haulizi zamu ilikuwa ya nani.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Jumatatu tunafungua miadi ya madaktari bingwa. Unaijua Jumatatu hiyo. Shika zamu peke yako, kwa zana zako hizo. Mashine ikivuka salama, unabaki kwenye seva. Isipovuka, tusije tukagombana, Don Arsenio."

"Peke yangu kabisa?"

"Kabisa. Nataka nikiulizwa niwe na la kujibu."

Nikakubali. Ningekataa vipi? Mtu akikupa nafasi ya kuthibitisha kitu ulichokithibitisha kwa miaka mingi, inauma, lakini unaipokea hivyo hivyo.

Blásida Cabral, mwenzangu wa meza ya pili, alikuwa ameyasikia yote. Injinia alipotoka, nikasikia barafu ikigonga kwenye jagi. Blásida ndiye mmiminaji wetu wa tereré, ile chai yetu ya majani inayonywewa na barafu, na akiwa na mawazo humimina kwa fujo.

"Eti simu," akasema. "Wewe? Utakuwa umewatukana wanachama wote kabla ya saa sita mchana."

"Saa sita mbali. Saa nne nitakuwa nimeshamaliza."

Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. "Jumatatu niketi hapa karibu? Sitakusemesha. Niwepo tu."

"Amesema peke yangu."

"Si nitakuwa naketi tu, kaka."

"Blásida."

"Haya, haya. Shika."

Akanitia guampa, kikombe chetu cha pembe, mkononi. Nikanywa, baridi ikanipanda hadi kwenye paji la uso, nikamrudishia nikamwambia asante. Kwetu ukimwambia mmiminaji asante maana yake umetosheka, asikuongezee tena, nami kwa kawaida sitosheki kabla ya jagi kwisha. Alielewa kwamba sitaki maneno zaidi. Akaondoka na jagi lake.

Jumatatu ilipofika, korido ilijaa tangu asubuhi. Nilisikia viti vikiburutwa, watoto wakilia, bibi mmoja akimwambia mwenzake kwamba daktari wa moyo akikosekana safari hii atamtibu mwenyewe kwa majani. Injinia alisimama nyuma yangu. Hakusema kitu, lakini alikuwa anatafuna kijiti cha meno, na kijiti kile nakijua: ni cha siku za wasiwasi.

Miadi ikafunguliwa. Simu zikaanza kulia jengo zima.

Nikaandika uptime. Mzigo ulikuwa mdogo, hata mmoja haujafika. Vizuri. Nikangoja kidogo, nikaandika tena: mitano. Hiyo ilikuwa halali yake, watu walikuwa wengi. Mara ya tatu sauti ikanisomea kumi na tisa, na wakati huo huo dada wa mapokezi akapaza sauti kutoka mbele: "Imeganda! Jamani, imeganda!"

Kijiti nyuma yangu kikaacha kutafunwa.

Nikaandika vmstat. Hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza: kichakataji kilikuwa kimekaa bure kabisa. Foleni ilikuwa kwenye diski, na ilikuwa ndefu. Umati wa wanachama ungekichosha kichakataji kwanza. Hawa waliokuwa wakingojea diski hawakuwa wanachama. Kulikuwa na kitu ndani ya seva kinaisoma diski kama kichaa, na kila mwanachama aliyeomba miadi alikuwa anawekwa nyuma yake.

"Don Arsenio?" akasema Injinia.

"Nipe nafasi."

Nikaiomba mashine orodha ya kazi zote zinazosubiri, na jina la mwenye kila kazi na la faili lake. Sauti ikaanza kusoma sikioni mwangu, kwa kasi ile ile isiyo na huruma: blasida, malaika. blasida, malaika. blasida, malaika. Ikaendelea hivyo mpaka nikaizima.

Kikulacho ki nguoni mwako. 

Kisha nikalifungua hilo faili lililoitwa malaika. Lilikuwa fupi. Kila baada ya muda mfupi lilisoma daftari zima la matukio ya seva tangu mwanzo wa siku, likachagua kila amri iliyoandikwa na Arsenio na kila kosa lililofuata, likamtumia Blásida kwenye simu yake. Siku za kawaida daftari hilo ni dogo, hakuna anayehisi. Siku ya miadi linavimba, usomaji mmoja haujaisha mwingine unaanza, nao unakuta wa tatu mlangoni, mpaka kazi zinazibiana njia. Ni kosa la watu wa kazi yetu tu, hakuna mwingine angelifanya: kumweka mlinzi juu ya mashine na kusahau kwamba mlinzi naye anakula.

Lakini hilo halikunichoma. Kilichonichoma ni tarehe ya faili. Halikuandikwa kwa ajili ya Jumatatu hiyo. Lilikuwa na umri wa zaidi ya mwaka.

Hasira ilinipanda, nami sina aibu kuisema. Nikafanya kazi yangu. Nikamuua mama kwanza asije akazaa tena, yaani ile kazi iliyokuwa ikizizindua nyingine, kisha nikaua watoto wake wote kwa amri moja. Nikaandika uptime. Thelathini. Tena. Ishirini na mbili. Tena. Tisa. Huko mbele dada wa mapokezi akasema, "Afadhali!" na yule bibi akapata daktari wake wa moyo, maana nilimsikia akimshukuru Bikira Maria wa Caacupé na si mimi.

"Umefanyaje?" Injinia akauliza.

"Kulikuwa na kazi isiyotakiwa. Nimeiondoa."

"Kazi ya nani?"

Nikaandika uptime tena, ingawa sikuihitaji. Mwaka uliotangulia mtu alifukuzwa hapo hapo kwa kuweka programu kwenye seva bila ruhusa, na barua ya kumfukuza niliisaini mimi kama mlezi wa seva. Nikilitaja jina, namtoa Blásida kafara. Nisipolitaja, je, mimi ni mlinzi wa namna gani, nisiyesema nilichokikuta? Injinia alikuwa anapima jambo hilo hilo, na alikuwa na haki.

"Don Arsenio, nimekuuliza swali."

"Yangu," akasema Blásida kutoka mlangoni.

Sikujua amefika saa ngapi. Alikuwa anahema, kama aliyepanda ngazi mbio. Bila shaka malaika wake alipokufa, simu yake ilinyamaza ghafla, naye akatambua.

"Yako?" Injinia akageuka. "Kwa amri ya nani?"

"Ya nani tena? Ya roho yangu. Nilikuwa namwangalia."

"Unamwangalia nini?" nikasema. "Blásida, unaniangalia nini?"

Maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Ile siku uliporudi kutoka hospitali, ya kwanza kabisa. Ulizima seva siyo. Ulizima ya maabara. Nikaiwasha kabla mtu hajajua, wewe ukaenda nyumbani unapiga mluzi. Nikasema, huyu wakimjua watamtoa. Basi nikaandika kile kitu, niwe nakufuata, ukikosea nirekebishe. Ndiyo hivyo. Nifukuzeni mimi."

Uso wangu uliwaka. Siku ile ya mluzi naikumbuka. Nilimwambia mke wangu usiku ule kwamba mikono yangu haijasahau kitu.

"Mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara ngapi nini?"

"Nimekosea mara ngapi, ukanifukia makosa kama paka anavyofukia uchafu wake?"

"Si nyingi."

"Blásida!"

"Kama mtu yeyote, Arsenio! Unakosea kama mtu yeyote. Kama mimi."

"Basi ungeniambia kama unavyomwambia mtu yeyote! Zamani nikikosea herufi moja uliniita kichwa maji mbele ya wageni. Ulikuwa unafoka mpaka watu wa ghala wanapanda juu kuuliza kuna msiba gani. Nikapofuka, ukanyamaza. Unajua nilidhani nini mwaka huu wote? Nilidhani sikosei! Nilidhani nimekuwa fundi kuliko nilipokuwa naona!"

Nilimsikia akilia. Nilimpenda sana wakati ule na ningeweza kumrushia kibodi.

"Niliogopa watakuondoa," akasema.

"Na leo ni wewe uliyekaribia kuniondoa."

Injinia akavuta kiti, akakaa katikati yetu bila kualikwa.  Nadhani hakuna kilichoandikwa kwenye kanuni za ushirika kuhusu jambo la namna hiyo.

"Blásida, onyo la maandishi utalipata, na halitakuwa la mchezo," akasema mwishowe. "Na ile seva kuanzia leo hakuna anayeiwekea hata herufi moja bila kumwomba mwenye zamu. Mwenye zamu ya Jumatatu ni Don Arsenio." Akasimama. Mlangoni akasita. "Skrini ya ukutani nitaifunga hata hivyo. Wengine tunaihitaji."

Blásida alibaki amesimama.

"Lifute hilo faili wewe mwenyewe," nikamwambia. "Si mimi."

Akaja kwenye kibodi yangu, akalifuta, nami nikasikia sauti ikithibitisha kwamba halipo tena. Hatukusemezana siku nzima. Kesho yake alimimina tereré kimya kimya, nami nikanywa kimya kimya.

Baada ya wiki kadhaa, Jumatatu moja ya joto kali, foleni ya uchapaji ya ghorofa ya pili iligoma, nikaamua kuiua niiwashe upya. Sauti ikasoma namba za kazi, nikasikiliza huku nikitafuna, nikaandika, nikabonyeza. Nikaendelea na chipa yangu.

Haikupita muda nikasikia viatu vinakuja mbio kwenye korido, nikavijua.

"Arsenio! Punda we! Umeizima famasia! Mfamasia anaandika dawa kwa mkono kama daktari wa vita, foleni imefika barabarani kwenye jua, na wewe umekaa hapo unakula! Hiyo namba uliisikia wapi? Masikio yako umemwazima nani?"

 Kalamu ya mtu ilianguka. Kisha karani mmoja wa hesabu, mtu mpole, akasema kwa sauti ya chini, "Taratibu basi, Blásida. Mzee wa watu haoni."

"Haoni, lakini anasikia!" Blásida akamjibu. "Asikie basi! Kichwa maji mkubwa!"

Niliiwasha famasia, nikampigia mfamasia kumwomba radhi, na machozi yalikuwa yananitiririka mashavuni wala sikuyafuta. Blásida aliendelea kunifokea mpaka watu wa ghala wakapanda juu.