Mkwe wa Nato

Mizuho, binti wa kaka yangu, alimwambia baba yake nusu ya ukweli. Alisema mchumba wake, Ryohei, anatoka katika familia ya kazi ya soya, kama sisi. Kaka yangu Eisaku akafurahi hadi akawa anapiga mluzi juu ya mapipa ya kiwanda chetu cha sosi ya soya. Mluzi huo hatukuwa tumeusikia tangu mkewe alipofariki.

Kijana aliposhuka kwenye kivuko tulimpokea langoni. Alivaa suti na kofia, na jasho la kiangazi lilimtiririka shingoni. Akainama sana.

"Karibu, kijana," alisema Eisaku. "Nasikia kwenu ni watu wa soya."

"Ndiyo, mzee."

"Mnatengeneza sosi?"

Ryohei akamtazama Mizuho. Mizuho akatazama mawingu.

"Nato, mzee."

Kaka yangu akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Kiwandani kwetu nato, maharage ya soya yaliyovundikwa, haitajwi, sembuse kuliwa. Kijidudu kinachoyafanya maharage yale yanuke na kuvutika kama ulimbo, kikipenya kwenye chumba tunamooteshea soya yetu ukungu wa kuichachusha, kazi ya mwaka mzima inaharibika. Wafanyakazi wetu hawaionji kabisa. Mizuho yeye katuletea mwana wa kiwanda chenyewe cha nato.

"Mizuho," Eisaku aliita polepole, "huko Osaka ulikosoma, wanaume wote walikwisha?"

"Si ulisema nitafute mtu wa soya, baba?"

Wafanyakazi wakageukia ukuta ili wacheke vizuri.

"Mzee, nisamehe," Ryohei alisema. "Mwezi huu wote nimekaa kwa rafiki, sijakanyaga kiwandani kwetu. Nguo hizi ni mpya. Na nywele pia..."

Akavua kofia. Kichwa kilikuwa kitupu, kinang'aa kama bakuli lililooshwa sasa hivi.

Eisaku akakizunguka kichwa kile, akakikagua pande zote. "Na nyusi je?"

Ryohei akazishika. "Naweza kuzinyoa, mzee."

"Thubutu!" Mama yetu, Tomie, alikuwa amesimama mlangoni muda wote na mkongojo wake. "Mniachie mume wangu na nyusi zake. Mnataka niolewe na yai?"

Hapo hata Eisaku alishindwa kujizuia. Akatoa viatu safi vya mpira, akamvalisha kijana koti lake la kazi lenye mikono iliyomfika kwenye viwiko, akamwonya: "Chumba cha ukungu, hata kukitupia jicho usikitupie."

Tukapanda ngazi hadi kwenye mbao zilizolazwa juu ya mapipa. Ni mapipa ya mierezi, marefu kuliko mtu, meusi kwa uzee. Joto lilikuwa limeiamsha rojo ya soya na chumvi, inatoa mapovu na kupasuka, pwu, pwu, kila pipa kwa sauti yake. Ryohei akapiga magoti, akatega sikio. Nilimwona Mizuho akimtazama yeye, hatazami pipa.

Eisaku akamkabidhi mti mrefu wa kukorogea. Kijana akauzamisha, akasukuma kwa adabu.

"Unakoroga kama mtu anayeomba radhi," kaka yangu alisema. "Sukuma! Haitakulilia."

Akasukuma. Rojo ikamrukia usoni, nusura atumbukie. Eisaku akamdaka kwa ukosi wa koti, akamshikilia hapo kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika.

Mchana tulikula tambi baridi. Ryohei alipotoka kwenda kunawa, kaka yangu aliweka vijiti chini.

"Ni kijana mzuri," alisema. "Simtaki."

"Kwa ajili ya kijidudu, baba?"

"Ukiolewa kule utakuwa unalala na nato na kuamka na nato. Siku ukija hapa nitakusimamisha langoni kama mgeni. Nyumba uliyozaliwa, Mizuho! Nikuambie usiingie?"

Machozi yalimdondokea Mizuho kwenye bakuli la sosi.

"Eisaku," mama aliita, "unaogopa kijidudu, au unaogopa kula peke yako?"

"Nakula na wewe, mama."

"Mimi nina miaka mingapi mbele yangu? Sema mwenyewe."

Ryohei akarudi, akaona nyuso zetu, akabaki amesimama na mikono inayochuruzika maji.

"Kaa ule," Eisaku alimwambia. "Mikono yako inajua nyundo?"

"Kidogo, mzee."

"Basi utanisaidia. Tunajenga bafu hapo nje ya lango. Mkija, mnaoga, mnavaa nguo za hapa, mnaingia. Sisimamishi mtoto wangu nje bila maji ya moto."

Ryohei aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mama akamwambia ainuke, tambi zinalainika.

Harusi ilifanyika majira ya baridi. Juzi walikuja, na kaka yangu, kama kawaida yake, aliwasha mwenyewe moto wa bafu, akachuchumaa nje akichochea kuni.

"Baba, yamezidi moto!" Mizuho alipiga kelele kutoka ndani.

"Wadudu hawafi kwa maji ya vuguvugu. Vumilia."

"Nina mimba, baba."

Nilikuwa naanika taulo karibu na kaka yangu. Alichomoa kuni zote kwa mkupuo, akazitupa uani zikifuka moshi, akakimbia kutafuta ndoo ya maji baridi.